Upande wa Kulia wa Ukuta

Kabla hujagusa brashi, pitisha kwanza kiganja ukutani. Nasema kiganja, maana macho hudanganywa na chokaa. Kuta zetu za Tabora ni za udongo mwekundu, na udongo huu una kiu ya mwaka mzima. Ukiupa rangi ya mafuta hivi hivi, utayanywa mafuta yote na kukuachia unga, na mvua za kwanza zikija, herufi zako zitashuka barazani pamoja na matope. Chemsha uji mwepesi wa muhogo, upake, uuache ukauke, ndipo uanze. Hayo nimewaambia mara ngapi? Na juzi nimepita sokoni nikamkuta mmoja wenu anaandika jina la kinyozi juu ya ukuta mkavu kama mfupa. Nilikohoa tu, naye akajifanya hakunisikia.

Mnaniita Babu Rangi, na mnasema mimi mkali. Mwenzenu nimezeeka, sina muda wa kurudia maneno. Lakini mmeniomba niwaeleze kazi hii ilivyokuwa enzi za Mwingereza, kabla ya haya mabango yenu ya plastiki, na mimi nikiombwa vizuri sikatai. Ila msinitarajie nianze mwanzo niende mpaka mwisho. Kumbukumbu zangu hazipiti kwenye reli.

Jambo ambalo hakuna aliyenionya ni kwamba kazi hii ni ya kuipa dunia mgongo. Fundi cherehani hukaa barazani, na habari zote za mtaa humpitia. Kinyozi ndiye usiseme. Mwandishi wa kuta anatazama chokaa kuanzia asubuhi. Watu wanapita nyuma yake, wanamsalimu, naye ana brashi iliyojaa rangi, hawezi kugeuka. Anaujibu ukuta. Nilikaa mtaa wa Chemchem miaka mingi nikiwajua watu kwa sauti na kwa mlio wa ndala zao. Palikuwa na muuza maziwa aliyenisalimu kila siku ya Mungu, akaniuliza hali ya kifua changu, akaniombea dua. Siku tulipokutana uso kwa uso njia ya kwenda stesheni, nilimpita kama gogo. Mpaka alipofungua kinywa ndipo nikamjua, nikaona haya.

Nilikuwa mpweke, na nalisema wazi kwa sababu ninyi huwa mnadhani upweke ni ugonjwa wa wazee. Nilitoka vijijini huko upande wa Urambo, mtoto wa Wamoravian, na mama yangu alipomfuata baba kaburini hapakuwa na cha kunizuia. Nikaja mjini na herufi nilizojifunza shule ya misheni, ambako nilikuwa nikiandika maneno ya Krismasi kwenye ubao. Tabora haikunitenda vibaya. Watu wa mjini, Waislamu wa siku nyingi, walikuwa na adabu kuliko hata sisi. Lakini Jumapili baada ya ibada kila mtu alikuwa na mahali pa kwenda kula, na mimi nilikuwa na chumba. Nilikuwa nikinunua karanga nikatembea nazo polepole, ili nionekane natoka mahali.

Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa duka la vitambaa. Mwenye duka alitaka jina lake liandikwe juu ya milango kwa herufi za aina mbili: hizi za shule, na zile za Kiarabu. Msishangae. Siku zile wazee wengi wa mjini walisoma na kuandika Kiswahili chao kwa herufi za Kiarabu, na duka lisilokuwa nazo walilipita kama halina jina. Nikafika asubuhi na kopo langu. Juu ya jukwaa la mbao, upande wa kulia, alikuwa amekaa mzee mwembamba mwenye kofia, anachonga tete la kuandikia kwa kisu.

"Shikamoo, Mzee," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye wa kushoto?"

"Mimi naitwa Elia."

"Sikuuliza jina. Nimeuliza upande."

Huyo ndiye Mzee Abedi. Babu yake alikuwa Mmanyema aliyekuja na misafara kutoka ng'ambo ya ziwa, akabaki hapa. Kazi ya kuandika aliirithi kwa mjomba wake aliyekuwa akiandika aya juu ya milango ya watu. Herufi zake zilianza kulia kwenda kushoto, zangu zilianza kushoto kwenda kulia. Basi kazi yetu ikawa hivi: yeye anaanzia mwisho mmoja wa ukuta, mimi mwisho wa pili, tunakuja, tunakuja, mpaka tunakutana katikati bega kwa bega. Pale katikati tunachora ua. Nusu ya kulia yeye, nusu ya kushoto mimi. Mwenye duka akiona ua limekamilika, anajua kahawa itoke.

Siku ile ya kwanza niliharibu. Jina la mwenye duka lilikuwa refu, na mimi nilikuwa na uroho wa herufi nene. Nilipiga uzi wa chaki, nikaanza kwa mbwembwe, na nilipogutuka nilikuwa nimeshapita katikati na jina bado halijaisha. Nikasimama na brashi mkononi, jasho linanitoka, nikingoja matusi. Mzee Abedi akautazama ukuta, akanitazama mimi.

"Njoo tu," akasema. "Mimi nitakunja miguu."

Mnajua watu wanapokaa mkekani, akaja mgeni mwingine, mwenyeji anavyokunja miguu ili huyo naye apate mahali? Ndivyo alivyofanya. Herufi za Kiarabu zikiwa mkononi mwa fundi huvutika kama unga wa chapati, na pia hukubali kubanwa. Akazibana za kwake, akapandisha moja juu ya nyingine, na jina lake likatoka zuri kuliko langu ambalo lilikuwa limejinyoosha lilivyotaka. Hakulitaja kosa lile tena, isipokuwa pale alipotaka watu wacheke.

Alinifundisha mengi, na hakuwa anajua hata herufi moja ya kwangu. Yeye alipima kila kitu kwa nukta. Anachovya tete, anaweka nukta moja ukutani kwa chaki, kisha anasema herufi hii ina urefu wa nukta kadhaa, na tumbo lake nukta kadhaa. Akaniambia nizipime na zangu hivyo hivyo. Siku moja akaniuliza, "Hii duara yako mbona fupi kuliko wenzake?" Nikamwonyesha kwa rula kwamba O ilikuwa sawasawa na zote. Akasema, "Rula haipiti njia hii kununua vitambaa." Tangu siku hiyo O yangu huizidisha kidogo juu na kidogo chini ya mstari, na macho ya watu huiona sawa. Nanyi fanyeni hivyo. Na nafasi kati ya herufi msipime kwa vidole, pimeni kwa kurudi nyuma mpaka ng'ambo ya barabara na kufumba jicho moja.

Na utani je? Tulikuwa hatumalizi saa bila kutaniana. "Ninyi Wanyamwezi," atasema, "babu zenu walibeba pembe za ndovu mpaka pwani, wewe unalia kubeba ngazi mpaka sokoni." Nami namjibu, "Babu yako alikuwa anasafiri, akaonja asali yetu, akasahau alikokuwa akienda." Yote hayo tukiwa tumeutazama ukuta. Sikuwa na haja ya kugeuka. Mtu niliyekuwa nikizungumza naye alikuwa upande wangu wa ukuta, na kila herufi niliyomaliza ilinisogeza karibu naye. Hiyo ndiyo raha ya kazi niliyoijua mimi, na sijaipata nyingine mfano wake.

Jioni ananiburuta mpaka kwake. Mkewe, Bi Mwajuma, alikuwa mama mnene mwenye sauti ya chini, na watoto wao walikuwa wameoa na kuolewa mbali. Sinia likiwekwa, ugali na kisamvu cha karanga, Bi Mwajuma atasema, "Kula, mwanangu, usile kama umeazima tumbo." Jumapili nikaacha kununua karanga.

Sasa, mambo yakageuka. Yaligeuka polepole, kama nywele zinavyoingia mvi. Wenye maduka wakazeeka, watoto wao wakashika maduka. Malori yakawa mengi baada ya ile vita ya pili, na mwenye duka akataka jina lisomeke na mtu aliye juu ya lori linalokwenda. Watoto waliotoka shule wakawa wanasoma herufi za kushoto tu. Hakuna aliyekuwa mbaya. Mteja atakuja kwa heshima zote, atasema, "Mafundi, safari hii za Kiarabu ziwe ndogo kidogo." Mzee Abedi akakunja miguu. Nusu yake ikawa theluthi. Theluthi ikawa mstari mmoja chini ya jina. Baadaye ikabaki nusu yake ya ua. Halafu akaja kijana mmoja wa duka la baiskeli, akasema ua pia halitaki, maua ni mambo ya khanga.

Mzee Abedi akacheka. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," akasema, akachukua kofia yake akaenda nyumbani. Kesho yake sikumwona jukwaani. Nikampitia kwake nikamkuta barazani anachonga tete. Amelichonga mpaka limekuwa fupi kama kidole, na hana cha kuandika.

Nikaanza kufanya kazi peke yangu. Nilikwenda Igalula kuandika ukuta wa ghala la nafaka karibu na stesheni. Nilianzia kushoto, nikaja, nikaja, na nilipofika katikati nikasema kwa sauti, "Sogea kidogo, Mzee." Nyuma yangu mama mmoja mwenye ungo wa mtama akauliza, "Unamwambia nani, fundi?" Nikamwambia naongea na ukuta. Akasema pole, na alikuwa anamaanisha. Nikaendelea mpaka mwisho wa kulia. Ukuta ule ulikuwa mrefu kweli.

Basi kazi ya Urambo ilipokuja, nilikata shauri. Wenye ghala la kununulia tumbaku walikuwa wamejenga ukuta mpana uliotazama reli, na walitaka neno moja tu, TUMBAKU, herufi zenye kimo cha mtu mzima, zisomeke kutoka kwenye treni. Za shule peke yake. Nikamwendea Mzee Abedi nikamwambia naomba msaada wa kuchanganya rangi, kazi ni kubwa. Alijua kwamba natafuta namna ya kumpandisha tena jukwaani. Bi Mwajuma alijua pia. Akamfungia mihogo ya kuchemsha kwenye kitambaa, akaniambia mlangoni, "Hajala vizuri mwezi huu. Mrudishe akiwa na njaa."

Huo ndio ukawa mzigo wangu, zaidi ya makopo ya rangi. Nilitaka apate mahali pake ukutani. Kwa nini nilitaka hivyo, kwa ajili yake au kwa ajili yangu, mpaka leo siwezi kuwatenganishia.

Urambo ndiyo kwetu, lakini nyumba ya mama ilikuwa imeanguka paa, na ndugu walikuwa wamehamia mashamba ya mbali. Tulilala kwenye chumba cha magunia pale ghalani, kwa ruhusa ya karani, kijana mpole mwenye haraka aliyeitwa Petro. Asubuhi watu wakaanza kupita nyuma yangu wakienda mashambani. "Mwangaluka!" Salamu ya asubuhi kwa lugha ya mama yangu. Nami nina brashi iliyojaa, nikaitikia kwa ukuta. Mzee Abedi alikuwa ameshika ngazi. Fundi aliyenifundisha alikuwa amenishikia ngazi, na kila nilipotazama chini nikaona kofia yake, mkono ukawa mzito.

Adhuhuri akaiacha ngazi, akavuka reli, akasimama ng'ambo akizitazama zile herufi nilizokuwa nimezichora kwa chaki. Akakaa huko muda mrefu. Aliporudi alikuwa anatabasamu.

"Elia, hizi kwangu si herufi. Ni picha."

"Picha za nini?"

"Hii ya mwisho kabisa ni kikombe. Hii inayofuata ni mtu anapiga teke. Na hii hapa ni ngazi yetu tukiwa tumeifungua."

Akachukua brashi, akaenda mwisho wa kulia wa ukuta, akaanza na kikombe. Nilirudi upande wangu taratibu, nisije nikalivunja jambo. Akaandika U, kisha K, kisha A, kutoka nyuma kuja mbele, kwa mkono ule ule wa tete: mahali pengine pana, mahali pengine pembamba kama uzi, na kila herufi imeinama kidogo kama mtu anayesikiliza. Mimi nilikuwa nikija kutoka kushoto na T yangu na U na M, zimenyooka. Tukawa tunatembea tena kuelekeana. Alianza kunitania. Alikuwa amepata mahali pake, nami nilijisikia kama mtu aliyerudishiwa nyumba.

Karani Petro akaja kutazama. Akainamisha kichwa huku, akainamisha huku.

"Fundi, mbona za huku zinacheza ngoma na za huku zimesimama gwaride?"

"Zitakutana katikati," nikamwambia.

Tukafika katikati. Ikabaki B peke yake, nyeupe, kati yetu. Hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo wangelifanya watu wa Tabora tu.

"Malizia, Mzee," nikasema. "Wewe ndiye mkubwa."

"Mkubwa kwake. Hapa ni kwenu. Mwenyeji ndiye humalizia."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone. Malizia wewe."

"Umeona wapi mgeni anamfungia mwenye nyumba mlango?"

"Kwetu mgeni hupewa paja la kuku, Mzee. Hilo hapo paja lako."

"Paja gani lenye matumbo mawili?"

Tulicheka mpaka jukwaa likatikisika. Kila mmoja alimnyooshea mwenzake brashi. Mimi sikuwa na hata paa la kumkaribisha, lakini kwa siku ile nilikuwa mwenyeji, na nisingekubali kushindwa kwa adabu katika ardhi ya mama yangu. Yeye naye, babu zake walikuwa wageni wa watu wetu tangu zama za misafara, alijua heshima ya mgeni ni kujizuia. Tungeweza kuigawa ile herufi kama tulivyokuwa tukigawa ua, yeye matumbo na mimi mgongo. Wazo hilo halikunijia. Tulibishana hivyo mpaka treni ya kutoka Kigoma ikapiga king'ora mbali, na karani akaja mbio anapunga mikono, na brashi bado hazijaoshwa. Hata hivyo tungerudi tena huko. Rangi ya kwanza ilikuwa lazima ikauke vizuri ndipo tuje kupaka ya pili juu yake. Tukaiacha B ingoje.

Kutoka dirisha la treni tuliuona ukuta una pengo katikati kama mtoto aliyeng'oka jino. Mzee Abedi alicheka akaanza kukohoa. "Safari ijayo utamalizia," akasema. Nikamwambia yeye. Tulibishana mpaka Tabora.

Kile kikohozi hakikwisha. Kilishuka kifuani, akaanza kulala mchana, halafu akalala tu. Petro akatuma neno kwa gadi wa treni: msimu wa kununua unakaribia, wakubwa wa ghala wanauliza pengo la nini, fundi aje upesi au ukuta apewe mwingine. Nikampelekea Mzee Abedi habari ile kitandani.

"Nenda kamalizie."

"Nakungoja."

"Rangi haingoji watu, Elia."

"Na mwenyeji hamalizii kabla ya mgeni."

Akatabasamu akageukia upande wa pili. Nikangoja. Gadi akaleta neno mara ya pili, sikwenda. Nilijiambia kwamba maadamu pengo lipo, Mzee Abedi ana safari mbele yake, na mtu mwenye safari hafi. Haya ni mawazo ya kijana. Alikufa Ijumaa, alasiri, na kwa desturi yao alizikwa siku ile ile.

Makaburini nilisimama nyuma kabisa. Mimi Mkristo, sikujua mahali pa kuweka mikono. Wanaume walikuwa wamelizunguka kaburi, migongo yao imenielekea, nami nikaona ndivyo nilivyokuwa nimeuonyesha mji huu mgongo wangu kwa miaka. Mmoja wao, mzee ambaye sura yake sikuikumbuka, akageuka akanitambua. Niliijua sauti. Alikuwa yule muuza maziwa. Akasema, "Mpisheni huyo. Huyo ndiye wa kushoto wake." Watu wakasogea. Nikatia udongo kwa mikono yangu, nikalia mbele za watu bila aibu.

Baada ya siku za matanga, Bi Mwajuma aliniita. Alikuwa amekaa eda, sauti yake imepungua zaidi. "Nenda Urambo, mwanangu. Alikuwa anausema ukuta ule kila siku. Alisema akipona ataenda kukushinda."

Nikapanda treni na makopo yangu. Petro alinipokea kwa mikono miwili, akanipa pole ya kweli, kisha akaniambia kwa upole kile alichotumwa. Wakubwa wamesema zile tatu za kulia zinyooshwe, zifanane na za kushoto, na B iwe kama za kushoto. Wanataka neno moja, mkono mmoja.

Nikamwambia rangi ya kwanza ikishakauka haikubali kunyooshwa, ukuta unapasuka. Si kweli, na msije mkaitumia. Petro akanitazama. Nadhani alijua. Akasema, "Basi fundi, kama ndivyo ukuta ulivyo," akaenda zake kuhesabu magunia.

Rangi ya pili hufuata ya kwanza, ndiyo sheria. Unapita pale pale brashi ilipopita. Sikuanzia kushoto. Nilibeba ngazi mpaka mwisho wa kulia, nikaanza na kikombe. Sikuwahi kuandika kutoka huko maisha yangu yote. Mwanzo mkono ulikataa, ukawa unataka kuzinyoosha. Nikaulazimisha umfuate: hapa alikandamiza, hapa aliinua, hapa alivuta pumzi. Nikamaliza kikombe, nikaenda kwa yule anayepiga teke, nikaenda kwa ngazi. Watu walipita nyuma wakisalimu, nikaitikia. A ilipoisha, mkono ulikuwa umeacha kubisha.

Mbele yangu kulikuwa na pengo. Ng'ambo yake M yangu imesimama imenyooka, inangoja mwenzake wa gwaride. Sikushuka kuhamisha ngazi. Nilichovya brashi, nikaanza B kwa matumbo, kutoka kulia, pana kisha nyembamba, na mgongo nikauweka mwisho, umeinama kidogo. Niliuinamisha mpaka nilipoona umelala sawa na za kwake. Ndipo nikaenda kushoto kupaka rangi ya pili juu ya herufi zangu, na hizo hazikunichukua muda.

Nikashuka, nikavuka reli, nikafumba jicho moja. Herufi tatu za kushoto, nne za kulia. Mgeni ndiye aliyemalizia. Nilikuwa nimeshinda, nikasimama pale na brashi inanidondokea mguuni, nikingoja anibishie.